Kumchora Baba Bila Picha

Jumatatu, 14 Januari 2013

Nimechora masanduku tena. Nimejaza karatasi mbele na nyuma kabla ya kufungua saluni. Mengine yameinama kama choo cha mabati kilichopigwa na upepo, lakini ya mwisho mwisho yamesimama. Mkono unajifunza. Nimeyapiga picha kwa simu, nikatuma kikundini.

Kikundi chetu kinaitwa Chora Kila Siku. Kiko mtandaoni tu, hatujawahi kuonana. Tunafanya mambo ya msingi: mistari, duara, masanduku, mikebe. Zuhura wa Tanga ndiye msimamizi. Hatoi sifa za bure. Leo ameniandikia: "Sasa haya ni masanduku. Yale ya wiki jana yalikuwa makopo yaliyokanyagwa." Nimefurahi siku nzima.

Nitaiweza kazi hii. Sijisifu. Nimeshika vichwa vya watu tangu nimalize shule, nikisuka na kuosha. Najua fuvu lilivyo kwa nyuma, najua linavyobonyea juu ya sikio. Vidole vinajua. Imebaki penseli tu.

Alhamisi, 17 Januari

Niandike mara moja kwa nini nachora.

Namtaka Baba. Nyumba yetu ya mtaa wa Munyaka ilichomwa Januari 2008, katika vile vita vya baada ya uchaguzi. Baba alifia pale. Picha zote zikaenda na nyumba. Imebaki moja tu, kwa baba mdogo huko Nyamira, ya matanga fulani. Baba amesimama nyuma kabisa, kichwa kama punje ya haragwe. Ukiikuza kwenye simu unaona ukungu.

Mama anaishi na mimi hapa Kimumu, mtaa mwingine wa mji huu huu. Hamtaji Baba. Miaka yote hii, hata jina. Lakini Jumapili nilimsikia akimwambia jirani kwamba sura ya mzee wake imeanza kumtoroka. Sauti anayo. Kikohozi anacho. Sura inakuja nusu, halafu inaondoka.

Basi nitamchora. Kabla ya kura za Machi. Magari ya kampeni yakipita na vipaza sauti, Mama anaacha kula. Nataka awe na kitu kingine cha kutazama.

Jumapili, 20 Januari

Mikebe. Ile duara ya juu inanitesa, inatoka kama yai lililopasuka.

Kiprono ameangalia kazi yangu kikundini. "Kemunto, mstari wako unaogopa. Usichore na vidole. Chora na bega." Nimejaribu nikiwa nimesimama, mkono mzima ukizunguka kama napuliza nywele za mteja kwa draya. Imekubali. Duara safi, moja baada ya nyingine.

Huyu Kiprono simjui. Ni jina tu na picha ya ng'ombe. Lakini ana macho kuliko sisi wote.

Jumanne, 29 Januari

Uso wa kwanza. Nimempa Mama baada ya chai.

Ameuangalia. "Si yeye." Akaenda kuchambua maharagwe.

Nimekasirika. Nilitaka kuuchana, nikajizuia. Niliuangalia tena saa ya chakula cha mchana nikaona Mama ana haki. Ni mtu wa kwenye bango la dawa ya meno. Anacheka bila sababu.

Ijumaa, 1 Februari

Nimetumia kioo. Watu wa nyumbani husema paji la uso na masikio nimeyachukua kwa Baba. Nimefunga mlango wa saluni mchana, nikajichora mwenyewe, nikaondoa nywele, nikaongeza masharubu.

Lilian, msichana ninayefanya naye kazi, amesimama nyuma yangu muda mrefu. "Madam, hapo umejichora ukiwa na malaria." Tumecheka mpaka mteja akabisha mlango.

Mama: si yeye. Lakini leo alikaa na uso huo mkononi. Aligusa sikio kwa kidole. Hilo sikio sitalibadilisha tena.

Jumatano, 6 Februari

Kikundi kimeharibika leo. Mtu aliweka bango la mgombea wake. Mwingine akajibu. Matusi, makabila, yote. Zuhura amefuta kila kitu kisha akaandika: "Hapa mtu ataulizwa sanduku lake. Hataulizwa kabila lake. Asiyeweza aondoke." Wawili wameondoka.

Kiprono, kutuliza mambo nadhani, akatuma mchoro wa ghala la mahindi. Mzuri sana. Kila ubao unaonekana uzito wake. Chini ameandika: ghala letu, Sugoi.

Nimeweka simu kifudifudi.

Barabara ya kwenda mashamba ya upande huo sijaipita tangu 2008. Watu husema waliotuchomea walitoka huko; mimi sijui. Huenda hata ni mtaa wa pili tu. Hakuna anayejua, na wanaojua hawasemi. Lakini tumbo langu haliulizi ushahidi. Sitaki maoni yake tena. Hivyo ndivyo ninavyohisi, na ni daftari langu.

Jumamosi, 9 Februari

Sijatuma chochote kikundini. Nachora tu.

Jioni nilimuuliza Mama kidevu cha Baba kilikuwaje. Swali la kawaida kabisa. Aliweka kisu chini.

"Ni mimi nilisema nasikia baridi," akasema.

Nilikuwepo. Tulikuwa tumekimbilia uwanjani na watu wengine, tumekaa kwenye nyasi zenye umande, na Baba akasema anarudi nyumbani mara moja kuchukua blanketi. Hilo nalijua. Sikujua Mama amelibeba namna hii, kama deni lake peke yake.

"Mama, sote tulikuwa tunatetemeka. Hata yeye."

"Wewe hukusema. Mimi nilisema."

Nilisogea karibu naye. Nimeshika mkono wake. Tukakaa hivyo mpaka sufuria ikaanza kuungua.

Halafu, akikoroga, bila kunigeukia, akaanza. Taya pana. Kidevu kama kimekatwa. Na hapa, akashika koo lake mwenyewe, ngozi ilikuwa imelegea, akimeza unaona inapanda na kushuka.

Shingo. Kumbe kosa liko shingoni. Nimekuwa nikichora uso unaoelea hewani.

Jumatano, 13 Februari

Nimerudi kikundini. Sikutaka, lakini peke yangu nimekwama. Nimetuma uso wa tatu na kueleza kwa mistari michache ni wa nani na kwa nini sina picha.

Watu wamekuwa wazuri mno. Nesi mmoja wa Kisumu amenichorea mifupa ya shingo na kuandika kila msuli kwa jina. Zuhura amesema ukweli kama kawaida: "Uso uko karibu. Shingo umeibuni. Shingo haibuniwi. Tafuta mzee wa umri huo akae mbele yako."

Wateja wangu wote ni wanawake. Nimemwomba fundi viatu wa hapa nje. Amecheka, akauliza, kwa jicho la kutongoza, nitampeleka wapi baada ya kumchora. Nikaachana naye.

Jioni ujumbe wa faragha. Kiprono. "Baba yangu amekubali kukaa, ukitaka. Ni mtulivu."

Nimemjibu kwa ukali. Nimemuuliza kama anajua kilichompata baba yangu.

"Najua ulitoka Munyaka. Umeandika leo. Ndiyo maana nilimweleza Mzee yote kabla sijakuandikia wewe."

Nimezima simu.

Ijumaa, 15 Februari

Nitaenda. Lilian anajua niko wapi na simu itakuwa na chaji. Mama nimemwambia naenda kuchora, basi.

Si kwamba nimesamehe mtu. Nahitaji shingo.

Jumamosi, 16 Februari

Sugoi. Niandike yote kabla hayajapoa.

Kiprono aliningoja kando ya barabara. Ni mrefu, mwembamba, mdogo kuliko nilivyodhani, gambuti zake za mpira zina samadi. Alinyoosha mkono akasema, "Huyu ndiye mwenye mstari mwoga," na mimi nikasema, "Ulikuwa mwoga. Ona wa sasa."

Shamba limevunwa, mabua yamekauka. Mama yake aliniletea maziwa ya kibuyu, mursik, yenye vumbi jeusi la mkaa. Ni makali. Nilimaliza kikombe. Nilitaka nionekane nimemaliza.

Mzee alikuwa amevaa koti na tai, kama anaenda harusi. Nilimwambia, kwa heshima, kwamba nahitaji shingo yake. Hakucheka. Alifungua tai, akakunja kola ndani, akakaa kwenye kiti nje ya jikoni ambako mwanga ulitoka upande mmoja.

Nilianza na mkebe. Kila shingo ni mkebe ulioegemea mbele, Zuhura husema hivyo. Halafu taya. Halafu ile ngozi. Kiprono alichota maji akaondoka, hakusimama nyuma yangu. Nilimshukuru moyoni.

Baada ya muda Mzee akauliza, "Alizaliwa mwaka gani?"

"Hamsini na moja, Mzee."

"Basi ni rika langu."

Nikaendelea. Nilikuwa nangoja aseme lingine, kwamba siasa ndizo mbaya, kwamba yote ni mapenzi ya Mungu, maneno ambayo watu hunipa ili nikae kimya. Hakusema. Alikaa tu, akimeza mate polepole, na ngozi ikapanda ikashuka kama Mama alivyosema.

Nilipogeuza karatasi ya pili akasema, "Sikuwa Munyaka siku zile. Nilikuwa hapa. Moshi niliuona." Akatazama shamba. "Nilikuwa na trekta. Ningeweza kuja na trekta. Sikuja."

Nilimwomba ainue kidevu. Akainua.

Nilipomaliza aliangalia michoro yote, akafunga tai yake. "Chukua hiyo shingo," akasema. "Kama itamfaa, iwe yake."

Njiani kurudi nililia. Haikuwa huzuni yote. Sehemu yake ilikuwa kwamba michoro ni mizuri, na najua ni mizuri.

Jumapili, 24 Februari

Wiki nzima naunganisha. Paji na masikio kutoka kwangu. Taya kwa maneno ya Mama. Shingo ya Mzee. Mwanzoni walikuwa watu watatu wanaogombana kwenye karatasi moja. Kikundi kimenisaidia: sahau macho, panga mwanga kwanza, kila kitu kipate mwanga wa upande mmoja. Jana wale watatu wakakubali kukaa pamoja.

Lakini kuna tatizo. Amezidi umri. Baba alikufa hajafika sitini. Huyu amepita. Nimejaribu kuivuta ngozi ya shingo, uso mzima ukafa. Nikairudisha, uso ukapumua. Kiprono anasema nisiguse tena. Zuhura pia.

Mji una wasiwasi. Majirani wawili wamesafirisha watoto kwenda ushago, kijijini kwao. Wateja wanataka mitindo itakayokaa muda mrefu, kama kuna siku hawatatoka nje. Mama amefunga begi dogo akaliweka nyuma ya mlango. Sikumuuliza kuna nini ndani. Hata mimi nimeweka viatu vya kukimbilia karibu.

Naogopa? Ndiyo, kidogo. Lakini mkono uko sawa.

Jumamosi, 2 Machi

Leo. Nisingeweza kungoja tena.

Nilimwekea Mama mchoro mezani asubuhi kukiwa na mwanga mzuri, nikajifanya naosha vikombe.

Hakusema si yeye. Nikaosha kikombe kimoja mpaka nikaona ni ujinga, nikageuka. Alikuwa ameishika karatasi kwa mikono miwili, mbali kidogo na uso, jinsi anavyoshika Biblia bila miwani.

"Amezeeka," akasema.

Nilianza kujieleza. Kwamba ni shingo, kwamba niliyemtazama ana umri mkubwa zaidi, kwamba nikipata muda nitampunguza miaka.

"Mwache." Sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama ananiambia nisiongeze chumvi. "Sasa angekuwa amezeeka hivi."

Akalia, na mimi pia. Halafu akauliza ni nani alikaa. Nikamwambia: mzee wa Sugoi, baba ya mwenzangu wa kikundini. Nikamwambia na habari ya trekta. Niliona lazima ajue.

Alipangusa meza kwa kiganja.

"Na alikubali kukaa, akijua ni kwa ajili ya nani?"

"Alivaa tai, Mama."

Akatikisa kichwa taratibu. Hakumsamehe, hakumlaani. Aliniomba gundi ya karatasi, akaibandika picha mwenyewe ukutani juu ya kabati, usawa wa macho yake, akarudi nyuma, akaisogeza kidogo kushoto.

"Makori," akasema. Jina la Baba. Alilisema kama anamwita aje ale.

Jumanne, 5 Machi

Jana tulipiga kura. Foleni ndefu, watu wapole. Leo mji umefungwa wote, kila mtu anangoja matokeo. Redio ya jirani inasoma namba tangu alfajiri. Mama amezima yetu.

Saluni sijafungua. Nimechora masanduku, si vibaya, kisha mikebe. Kikundini kila mtu ametuma kazi, hata wale wawili walioondoka wamerudi. Hakuna aliyeuliza kitu. Kiprono ametuma ng'ombe aliyelala, akasema huyo ndiye raia pekee asiye na wasiwasi leo.

Mvua ya kwanza imepita juu ya mabati, fupi. Mama amemaliza kumenya viazi, akajifuta mikono, akakaa kwenye kiti cha dirishani. Akavua kitambaa cha kichwa. Nywele zake zimekuwa nyeupe pembeni na sikuwa nimeziangalia vizuri.

"Na mimi je?" akauliza.

Nimechonga penseli.