Kijiko Nilichotupa Mu Lupango

Tata Lukusa, bwana yangu, na we Mwadi binti yangu,

Naenda kuimba na korali ku kanisa. Mboga ya sombe iko mu chungu, muongeze maji kidogo. Makala ya kuwasha moto iko chini ya meza. ~~Narudi saa kumi.~~ Narudi wakati nitachoka kuimba.

Musipigie munganga wa hospitali telefone. Tata, nilikuona: asubui nilitupa kijiko inje mu lupango, nikapiga kelele, na we ukakamata telefone. Mwadi akaanza kutafuta dawa mu kabati. Ile dawa niliacha tangu Pasaka, na munganga mwenyewe njo alinipunguzia pole pole. Bugonjwa ya kichwa hairudi. Nilikasirika tu! Miaka tisa na ile dawa sikukasirika hata siku moja, sikulia hata ku kilio wakati mama yangu alikufa. Leo nilisikia sauti yangu inafika kwa jirani, na roho ikatulia.

Mukono inatetemeka bado sababu ya ile dawa, na kinywa inatafuna bila chakula. Munganga alisema pengine itabakia vile. Ibakie. Lakini nyinyi bote munamega bukari na mukono, mi peke yangu munanipatia kijiko sawa mutoto mudogo, eti mboga isianguke ku kikwembe yenye navaa.

~~Munisamehe.~~ Hapana. Kijiko tu njo naomba samahani. Muiokote.

Mangaribi, Mwadi, unimwangie maji ku mikono sawa unamwangiaka tata yako. Mboga ikianguka ku kikwembe, nitafula na sabuni mi mwenyewe.

Mama yenu, wa kelele