Ndoo Zote za Mbegani

Mbegani, Bagamoyo
Jumatano

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Namwomba Mungu barua hii ikukute na nguvu zako, na dada Rukaya awe ameanza kula vizuri. Mtoto ananyonya? Uji wa pilipili manga asiuache hata akinuna, mwambie ni mimi nimesema. Huku tu wazima wa mwili, alhamdulillahi. Usishangae kupata karatasi ilhali nina simu. Kila ukipiga nakujibu kwamba mambo shwari, na mambo si shwari hata kidogo.

Mama, nimekasirika. Nimeukasirikia ule mchezo alioniwekea kaka Issa kwenye simu, nimemkasirikia Issa mwenyewe, na zaidi nimejikasirikia mimi. Mchezo unakupa bandari, ghala na fedha kidogo, halafu unashindana na wafanyabiashara wengine. Mwezi mzima nimeucheza. Nilielewa yale ambayo mwalimu alituimbisha tu darasani: kitu kikiadimika bei hupanda, na ukinunua mzigo wote peke yako, bei unaipanga wewe. Nikawa tajiri wa bandari tatu, nikajiona nimeiva.

Basi Jumatatu ya wiki iliyopita mashua za dagaa zilipofika, sikungoja zamu. Utaratibu wenu akina mama mnaoanika dagaa naujua: kila mama apate ndoo yake moja kwanza, ndipo mtu aongeze ya pili. Mimi niliwatangulia, nikawapa wavuvi bei ya juu kidogo, nikachukua ndoo zote. Jumanne hivyo hivyo. Kufikia Jumatano wanunuzi wa Dar walikuwa wakinibembeleza, na bei ikapanda kama nilivyopiga hesabu. Nikakataa kuuza, nikingoja ipande tena. Hesabu ilikuwa sahihi, mama! Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Ila kwenye mchezo ukishamshinda mtu, anatoweka kwenye kioo. Bi Mwaija na akina mama wenzake hawakutoweka. Nilikutana nao bombani kila asubuhi, na chanja zao za kuanikia zilikuwa tupu. Tena mchezo ule hauna mvua.

Jua la wiki ile lilikuwa hafifu, mzigo wote ulikuwa bado chanjani. Alhamisi mchana mvua ikashuka ghafla. Siku zote wingu likitanda mnakimbilia chanja yoyote, hamwulizani ni ya nani. Siku hiyo nilipiga kelele peke yangu. Walikaa barazani kwa Bi Mwaija wakinitazama. Hakuna aliyenitukana, na hakuna aliyeinuka. Niliokoa chanja mbili, saba zikalowa. Dagaa wameoza, nimewauza kwa mtu wa chakula cha kuku. Issa eti ananiambia ningefika hatua ya mbele ya mchezo ningefundishwa hasara. Nusura nimrushie ndoo.

Lakini si dagaa walionifanya niandike. Jumanne ile Bi Mwaija alinijia faraghani, kwa upole, akaniuliza kama ile ni akili yangu au nimetumwa. Alikuwa ananifungulia mlango wa kutokea. Ningekiri, angenikaripia kama mwanawe, yakaisha. Nikaogopa. Nikamwambia umenituma wewe, kwamba umepiga simu kutoka huko Ubena kwa dada ukasema mambo ya zamu yamepitwa na wakati. Akasema tu, haya, kama ndivyo alivyosema mwenzetu. Mama, siku ile ya mvua hawakuninyima mimi msaada. Walikunyima wewe, uliyeanika nao miaka ishirini.

Mara mbili nimekwenda kusema ukweli, nikaishia mlangoni kwake na kurudi. Ijumaa baada ya swala nitakwenda tena. Nimekuandikia ili nikishindwa, ujue kabla arobaini ya mtoto haijatimia, usije ukashuka garini ukawaamkia kwa furaha wasikuitikie.

Nisalimie dada na shemeji, na mtoto umbusu kwa niaba yangu. Issa anakusalimu. Salamu za Bi Mwaija na wenzake, ambazo kila mara huwa nakufikishia, safari hii sina. Hakuna aliyenituma.

Mwanao aliyekukosea,
Adila