Neno Lililokuwa Ndani ya Pampu

Kaka,

Sisi wazima, ila paka amezaa ndani ya kapu la nguo chafu, na fundi wa bomba la jikoni kila siku yuko njiani.

Leo bosi kaniamuru nibadilishe programu ya pampu ya maji ya kule mlimani, ile uliyoiandika wewe kabla hujaondoka na kuacha kutupigia simu. Unakijua kile kidirisha chake cheusi: hakina kitufe wala picha, unaandika amri moja moja huku unaomba mtandao usikatike. Nimeifuta chipu ya kumbukumbu kipande kwa kipande na kuiandika upya nikiwa hapa hapa nyumbani kwa mama. Kwa saa nne nzima sikuthubutu hata kwenda chooni, maana umeme ukikatika kule katikati ya kazi, pampu imekufa na watu hawana maji.

Pampu imekubali. Mgongo ndio umekataa.

Kuna jambo sijawahi kukuambia. Kila asubuhi nilipokifungua kidirisha, kilinijibu kwa neno uliloliweka wewe: "Nipo." Mama, tangu aanze kusahau, huniuliza kila siku kama umesema chochote. Miaka miwili namjibu, "Kaka kasema yupo," naye anameza dawa zake bila ugomvi. Sikuwa nasema uongo.

Neno lako limefutika pamoja na mengine. Programu mpya inatoa alama ya kuuliza tu.

Kesho mama ataniuliza. Namba yetu ya simu ni ileile, kaka, na neno lenyewe ni moja tu.

Mdogo wako