Pori la Watoto Halimo Kwenye Ramani

Mjini Baraka, Jumanne

Sahihi ni yangu, siwezi kuikana.

Nikiwa katibu wa kamati ya msitu, niliyapanga makatazo ya wazee yaendane na sheria ya taifa: wapi pasikatwe, wapi palimwe, wapi pachomwe makala, yaani mkaa. Pori la watoto sikuliandika. Huko tunawazika wanaokufa kabla ya kupewa jina, na desturi inakataza kulitaja mbele ya wageni. Mama Asende, mkunga wetu, alinionya: "Mwalimu, kama hauandike ile pori, serikali itaiona na macho gani?" Nilimwambia anyamaze.

Mahali nilipopaacha wazi kwenye ramani pakahesabiwa kuwa pa makala.

Leo nimemkuta mchoma makala pale, shoka mkononi. Akanionyesha kibali kwa heshima.

"Baba, mi siko mwizi. Iko mu sheria. Angalia, ni weye ulitia sinyatire."

Niliitazama sahihi yangu. Alisimama karibu na mti ambao chini yake nilimzika mzaliwa wangu wa kwanza, wa siku tatu.

Tangu niliporudi, nasikia shoka hata humu chumbani.

Amekubali kusubiri hadi Ijumaa. Kesho napanda Fizi, kwenye ofisi ya serikali, kuomba ramani irekebishwe. Wataniuliza sababu, nami itanibidi niseme.