Mkaja wa Mama

Mtawanya,
Kibiti.
9 Oktoba 2025

Mpendwa Shangazi, Sista Eufrasia,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua umeshaitikia. Magoti yako yanaendeleaje na baridi ya Sumbawanga? Masista wenzako hawajambo? Mimi ni mzima wa mwili. Nyumba ndiyo haina heri.

Mama yuko kitandani tangu Agosti. Kansa imefika kwenye ini, na daktari ametuambia tumhesabie miezi. Hali kitu ila uji wa mchele, nao huutema. Amekuwa mwepesi hata namnyanyua peke yangu.

Swali uliloniuliza Pasaka sijaliacha. Niwe sista wa kazi kama wewe, niingie monasteri ya ndani, au askofu aniweke wakfu nibaki bikira hapa hapa nyumbani, nikiendelea kufundisha? Padri alinishauri niisalie kila njia wiki tatu, nione moyo unatulia wapi. Ulitulia monasterini. Wamekubali niingie hata kabla ya Majilio. Ila aingiaye hatoki, hata kwa maziko, na aliyetimiza miaka thelathini hawampokei. Mimi naitimiza Februari.

Kosa langu ni kuwaeleza nyumbani kwamba ni kama kuolewa na Kristo. Mjomba Nasibu aliweka kofia yake sawa. "Haya, washenga wake wako wapi? Kilemba changu nasamehe, lakini mkaja wa dada yangu? Mwana hatoki hivi hivi kama kuku!" Mama mkubwa Zamda alicheka mpaka akafuta machozi.

Mama hakucheka. "Kweli," alisema. "Nilipomzaa nililifunga tumbo hili kwa nguo. Huyo bwana wenu na aniletee nguo yangu."

Nikawaza basi nibaki, walau nimwoshe siku yake ikifika. Mama mkubwa akanikata hapo hapo: "Kuosha hutaosha, mwanangu. Wewe umefuata dini ya baba yako. Utakaa nje ya pazia, tutakuita tukimaliza." Alisema kwa upole, ndiyo maana iliniuma zaidi. Kumbe nikienda nitakuwa nje, na nikibaki nitakuwa nje.

Sasa nakuandikia lile ambalo sijamwambia hata padri. Juzi nilikuwa nasali rozari kando ya kitanda, nikajikuta nahesabu. Oktoba, Novemba, Desemba, Januari. Akitangulia mapema, nitawahi kuingia kabla ya Februari. Nilishtuka, Shangazi. Shanga zilikuwa mkononi, naye alikuwa amenishika kidole kama mtoto mchanga. Nilikuwa naomba nini?

Jana nimewaandikia watawa wa monasteri kwamba siji. Sijapata njia nyingine, na usinipe pole kwa kusema huenda huu ndio wito wangu, maana sijui. Nimekataa ili niweze kumwombea mama uzima bila kudanganya.

Uniombee. Nisalimie Sista Kolumba, na Baba mdogo Gaudensi akipita huko. Mungu aliyekuita ukaitika asikuache uzeeni.

Asubuhi hii mama ameniuliza kama washenga wamefika. Nimemjibu, "Bado, mama." Akasema, "Basi nitawangoja."

Mwana wa kaka yako, akupendaye,
Skolastika