Birika la Mstari wa Saba

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie, maana nimechoka hata kunyamaza. Mimi ni mzee, mlinzi wa shamba la utafiti wa mahindi linalogharimiwa na serikali, na kazi yangu ilikuwa kuhakikisha mimea ya majaribio, kila mstari mbegu yake, haipati tone la maji kiangazi chote, ili ijulikane ipi yastahimili ukame, lakini kila alfajiri nikishatawadha hubaki maji kidogo birikani, nami nilifundishwa tangu utotoni kwamba israfu ni dhambi, basi nikayamimina kwenye mstari wa saba ulio mbele ya kibanda changu, kisha nikayaona majani yanavyojikunja kwa kiu, huruma ikanishinda, nikawa nalijaza birika makusudi, mara kumi, mara ishirini. Mistari yote imekauka isipokuwa huo. Mtafiti wetu, binti niliyemzoea kama mwanangu, alipouona aliketi mchangani akalia. "Babu, miaka sita naitafuta mbegu hii. Sasa wizara haitatunyima fungu la fedha." Nikamjibu, "Mungu ni mwema, mwanangu," neno la kweli nililolitumia vibaya. Alhamisi wakubwa wanakuja kuipitisha igawiwe wakulima, na dada yangu mjane ameshajiandikisha kuipokea, nami nikisema, fungu litakatwa na vibarua wenzangu watarudi makwao mikono mitupu. Nifanyeje?

Mlinzi aliyechoka

Mzee mwenzangu,

Huruma yako naielewa. Lakini uliwekwa pale uwe shahidi wa kiu ile, nawe ukaiponya kwa siri. Hilo lilikuwa kosa la moyo laini. Kuinamisha kichwa mbegu ikipitishwa ni kosa zito zaidi, wala usilivike kanzu ya kuwahurumia vibarua. Umeshahurumia mara moja, ukaona matokeo.

Fedha zile ni za umma, na dada yako ni umma.

Usingoje Alhamisi, wala usimruke binti huyo ukaenda kwa wakubwa. Kesho asubuhi chukua birika, mkute ofisini peke yake, liweke mezani, umwambie ulimwagilia tangu lini na mara ngapi. Habari za israfu ziache, asidhani unajitetea. Atakasirika, mwache akasirike. Kisha mwombe mbegu ijaribiwe upya, mbali na kibanda chako. Huenda ni njema kweli. Wewe ndiye uliyewanyima kujua.

Na ulimi ukiwa mzito, kumbuka kwamba dada yako atapanda mbali na birika lako.