Bega la Babu Yako

Mjukuu wangu Elia,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Huku Mungaa hatujambo, alizeti tumevuna.

Unayeyusha makopo ya soda utengeneze vazi la alumini la askari wa maigizo, unauliza vipimo vya bega. Usikisie, mwanangu. Tazama bega la atakayelivaa.

Tulipokuwa vijana, marehemu babu yako aliigiza askari wa Kirumi katika igizo la Pasaka. Nilikandika udongo kwenye bega lake la kushoto, lililoshuka kwa kubeba magogo. Nikaubandua polepole; ulipokauka juani ukawa kalibu, umbo la kumiminia, tukamimina humo sufuria chakavu tulizoyeyusha. Kipande kile kilimkaa yeye tu.

Baadaye akataka tukiyeyushe tupate sufuria. Nilikataa katakata.

Leo nimekipindua kama bakuli, kuku hunywea maji humo. Kila asubuhi nikikiosha, kiganja changu kinatua begani kwa babu yako.

Bibi yako